Maji Meupe Si Lazima Yawe Maji Safi

Mama anayenunua khanga hutazama mambo mawili. Kwanza husoma jina lililoandikwa juu yake, kisha humwuliza mwenye duka: "Ndugu yangu, rangi hii haichuji?" Swali hilo ni la haki, maana fedha yake aliipata kwa jasho. Mwenye duka humjibu kwamba hata aifue kila juma na kuianika juani mwaka mzima, rangi itabaki vile vile. Na mara nyingi asema kweli. Lakini ni wachache kati yetu waliokwisha kujiuliza swali la pili, linalolifuata lile la kwanza kama kivuli kifuatavyo mtu: rangi isiyochuja katika nguo, ikimwagwa mtoni, itakwisha lini?

Ndugu wasomaji, leo twataka kulitazama swali hilo. Mtu aweza kudhani ni jambo la wataalamu wa kemia peke yao. Kumbe ndani yake mna swali la dhamiri limhusulo kila avaaye nguo.

Kwa karne nyingi watu walipata rangi zao katika mizizi, majani, magome ya miti, na hata katika konokono wa baharini. Mwaka 1856 kijana Mwingereza, William Henry Perkin, aliyekuwa na umri wa miaka 18, alikuwa London akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kwa vitu vitokanavyo na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata, alipata rangi nzuri ya zambarau. Tangu hapo rangi za viwandani zikaenea duniani kote, na leo zaidi ya nusu yake ni za ukoo uitwao azo. Alama ya ukoo huo ni atomu mbili za nitrojeni zilizoshikamana kwa kifungo cha maradufu. Kifungo hicho, pamoja na pete za kaboni zilizo pande zake mbili, ndicho kinachoyafanya macho yetu yaone wekundu, umanjano na weusi wa nguo.

Mafundi wamefanya bidii kubwa ili rangi hizo zisiharibiwe na jua, wala sabuni, wala jasho. Bidii hiyo ni sifa njema dukani, lakini mtoni ni msiba. Kwani kitu kilichofundishwa kushindana na jua na sabuni hakiwezi kutiishwa kwa urahisi na bakteria wa maji, ambao ndio wasafishaji wa kawaida wa mito. Tena, si rangi yote iingiayo katika pipa hushika nguo. Rangi za pamba zilizoanza kuuzwa mwaka 1956, zile zinazojifunga na uzi wenyewe, huacha majini sehemu ambayo, kwa kadiri ya aina ya rangi na ustadi wa fundi, yaweza kuwa moja ya kumi au hata kukaribia nusu. Pamoja nayo hubaki chumvi nyingi iliyotumika kuisukuma rangi iingie katika uzi.

Maji hayo yakifika mtoni, huzuia mwanga wa jua usiwafikie mimea na viumbe vidogo vya chini, na mto hupungukiwa na oksijeni. Hilo ni dhara la wazi. Hata mtoto akiona mto mwekundu hatachota. Lakini liko dhara jingine. Mahali pasipo na oksijeni, kama katika tope la chini ya mto, bakteria wengine hukata kile kifungo cha azo. Rangi hutoweka, na mtazamaji husema, "Mto umepona." Kumbe vile vipande vilivyobaki, ambavyo kwa baadhi ya rangi ni amini zenye pete za kaboni, havina rangi, na baadhi yake huleta saratani. Hatari ya ukoo huo wa kemikali haikujulikana jana. Mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, alitangaza kwamba aliona saratani ya kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Hatusemi kwamba kila rangi ni sumu, la hasha. Twasema tu kwamba kutoweka kwa rangi si ushahidi wa kutoweka kwa madhara. Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi wataalamu wametafuta dawa. Wengine hutia majini shabu, nayo hukusanya rangi ikazama chini kama tope. Lakini tope hilo lazima litupwe mahali. Wengine huyapitisha maji katika makaa yenye vitundu vingi, nayo makaa hunasa rangi. Lakini makaa yakishiba, yatapelekwa wapi? Njia hizo zina faida yake, wala hatuzidharau. Lakini yafaa tuziite kwa jina lao: ni njia za kuhamisha. Afagiaye taka za nyumba yake na kuzisukuma mpaka uani kwa jirani hajasafisha, amehamisha tu.

Katika miaka hii ya karibuni imesitawishwa njia nyingine, ambayo haihamishi bali huunguza uchafu uwe majivu, ingawa pale majini hapana moto. Ni njia ya umeme. Vipande viwili, viitwavyo elektrodi, huzamishwa katika maji machafu, na umeme hupitishwa kati yake. Kwenye kipande kimoja, kiitwacho anodi, molekuli ya maji yenyewe hunyang'anywa elektroni ikaacha kitu kiitwacho haidroksili, yaani atomu moja ya oksijeni na moja ya hidrojeni, zenye njaa kali ya elektroni. Njaa hiyo, wakiipima, ni karibu volti 2.8, inayopita kwa mbali ile ya klorini. Haidroksili haiishi hata nukta moja. Maisha yake hupimwa kwa sehemu ya bilioni ya nukta. Lakini katika muda huo mfupi hushambulia karibu kila molekuli ya kaboni inayokutana nayo, iwe rangi, iwe sabuni, iwe mafuta.

Anodi iliyo bora kwa kazi hiyo imefunikwa kwa utando mwembamba wa almasi ya kutengenezwa, iliyochanganywa na boroni kidogo ili ipitishe umeme, maana almasi tupu haiupitishi. Iko pia njia ya jamaa yake, iliyojengwa juu ya jambo lililoandikwa mwaka 1894 na Mwingereza Henry John Horstman Fenton, kwamba chuma kidogo kilichoyeyuka, kikikutana na peroksidi ya hidrojeni, huipa nguvu kubwa ya kuunguza. Katika njia hiyo elektrodi ya pili, iitwayo kathodi, huitengeneza peroksidi pale pale majini kwa oksijeni ya hewa. Mwisho wa yote, kazi ikikamilishwa, rangi huwa gesi ya kaboni, maji, na chumvi chache za kawaida.

Kazi ikikamilishwa, twasema. Na hapa ndipo swali letu la dhamiri lilipojificha.

Kifungo cha rangi ndicho chepesi kukatika kuliko vyote. Umeme ukiwashwa, maji yaliyokuwa mekundu kama damu huanza kuwa meupe mapema, wakati ambapo sehemu kubwa ya kaboni ya ile rangi ingali humo majini, imegawanyika vipande vipande visivyoonekana. Kuvimaliza vipande hivyo kwahitaji muda mrefu zaidi na umeme mwingi zaidi. Na kadiri uchafu unavyopungua, ndivyo umeme unavyopotea zaidi, kwa kuwa molekuli chache tu hufika kwenye anodi, na nguvu iliyobaki huishia kutoa mapovu ya oksijeni. Sehemu ya kwanza ya kazi ni rahisi na yaonekana. Sehemu ya mwisho ni ghali na haionekani.

Tena, maji ya kiwanda cha nguo yana chumvi, kama tulivyosema. Umeme ukipita ndani yake, chumvi ile hutoa klorini, na klorini hufuta rangi upesi sana. Mwenye kiwanda hufurahi. Lakini klorini hiyo hiyo ikijishikiza kwenye vipande vya kaboni vilivyobaki yaweza kuzaa vitu vipya ambavyo havikuwamo katika maji ya kwanza, na baadhi yake ni vibaya kuliko rangi yenyewe. Dawa isiyosimamiwa yaweza kuzaa ugonjwa.

Sasa mfikirieni mwenye kiwanda, mtu wa heshima, si mwizi. Amenunua mtambo. Amesimama kando ya tangi, na maji yamekuwa meupe. Mkaguzi akija atayatazama na kuridhika. Kila saa inayoongezeka ni gharama. Je, aweza kuuzima umeme akaenda kulala na dhamiri iliyotulia?

Wako watakaosema aweza, nasi hatuna budi kuzisikiliza hoja zao kwa haki. Hoja ya kwanza: ametii agizo, na raia hawajibiki kufanya zaidi ya agizo. Hoja ya pili: maji yake sasa ni afadhali kuliko ya jirani yake asiye na mtambo wo wote. Hoja ya tatu, nayo ndiyo nzito: akitumia fedha zaidi, nguo yake itapanda bei, wanunuzi watakwenda kwingine, na wafanyakazi mia wenye watoto nyumbani watakosa kazi. Nani atawalisha?

Ili kujibu, na tumwendee mwalimu wa zamani. Katika karne ya 13 Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipokuwa akieleza juu ya haki katika kununua na kuuza, aliuliza kama mwuzaji hupaswa kutaja kasoro ya kitu anachokiuza. Akatofautisha. Kasoro ikiwa ya wazi, kama farasi mwenye jicho moja, si lazima mwuzaji apige kelele, maana mnunuzi ana macho yake. Yatosha apunguze bei ipasavyo. Lakini kasoro ikiwa ya siri, nayo yaweza kuleta hasara au hatari, hapo mwuzaji hupaswa kuitaja; akinyamaza, ametenda udanganyifu.

Tukiishika tofauti hiyo, jambo letu lapata mwanga. Maji mekundu ni farasi wa jicho moja. Ubaya wake wajitangaza. Mama atawaonya watoto, mkulima hatamwagilia mchicha wake. Maji yaliyoondolewa rangi bila kuondolewa sumu yana kasoro ya siri. Basi yule aliyeuzima umeme mapema hakupunguza kosa lake tu, kama anavyodhani. Amegeuza kasoro ya wazi kuwa kasoro ya siri. Amewanyang'anya walio chini ya mto onyo la pekee walilokuwa nalo, yaani macho yao. Tena wale hawakununua kitu kwake, wala hawakupata faida ya nguo zake. Ikiwa mnunuzi aliyekubali kwa hiari yake ana haki ya kuambiwa, je, si zaidi sana yule asiyeulizwa neno lo lote?

Kwa hiyo hoja ya kwanza yaanguka. Agizo ni kizingiti cha chini tu. Halimpi mtu ruhusa ya kuficha ajualo. Hoja ya pili nayo yaanguka, maana maji ya jirani yake angalau hayadanganyi. Hoja ya tatu haianguki upesi hivyo, nasi hatupendi kuipita kwa haraka, kwa kuwa mkate wa mfanyakazi nao ni haki.

Juu ya hoja hiyo uko mfano wa kweli huko India ya kusini, katika mji wa Tiruppur, jimbo la Tamil Nadu, mji ushonao fulana ziendazo nchi nyingi za dunia. Mamia ya viwanda vyake vya kutia rangi vilimwaga maji yao katika mto Noyyal. Chini ya mji lilijengwa bwawa la Orathupalayam ili kuwanufaisha wakulima. Likawa ghala la maji machafu na ya chumvi, hata wakulima wenyewe hawakutaka yafunguliwe yaende mashambani mwao. Mashtaka yalikaa mahakamani miaka mingi. Kila mara viwanda vilipewa muda zaidi, kwa sababu ile ile ya kuhifadhi kazi za watu. Mwishowe, mwezi wa Januari 2011, Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda vyote vya kutia rangi na kung'arisha nguo vya mji huo vifungwe. Maelfu ya wafanyakazi walikosa kazi kwa mara moja. Viwanda vilivyofunguliwa baadaye vilitakiwa visitoe tone la maji machafu nje, bali viyachuje na kuyachemsha, viyatumie tena, na kubakiza chumvi na tope vya kuhifadhiwa.

Tazameni basi. Kuahirisha haki kwa jina la mfanyakazi hakukumwokoa mfanyakazi. Mkulima alipoteza shamba kwanza. Mfanyakazi akapoteza kazi baadaye. Na gharama iliyoepukwa ilikuja kulipwa mara mbili. Mficha uchi hazai, na kiwanda kifichacho uchafu wake hakijengi kesho ya watu wake.

Yafaa tuongeze neno la unyofu: umeme peke yake usingaliiokoa Noyyal, kwa sababu umeme huunguza kaboni lakini hauondoi chumvi. Hakuna mtambo mmoja uponyao kila kitu. Tena umeme wenyewe watoka mahali. Ukitoka katika makaa ya mawe, moshi wake huangukia watu wengine, na tumerudi kule kule kwa kuhamisha. Lakini wataalamu wameonyesha kwamba si lazima umeme ufanye kazi yote. Waweza kutumika kwa muda mfupi, kuvunja molekuli zilizo ngumu tu. Kisha vipande vilivyolainika wapewe bakteria, ambao hula bila kudai ankara, mradi kwanza imepimwa kwamba vipande hivyo si sumu kwao. Jambo kubwa ni kwamba mwisho wa kazi upimwe, si utazamwe. Kipo kipimo cha kaboni yote iliyobaki majini, na kipo kipimo cha oksijeni ambayo uchafu huo utaitaka. Macho si shahidi wa kutosha katika kesi hii.

Na gharama je, ni ya nani? Kwa kawaida ya haki, apataye faida ndiye abebaye mzigo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imekubali kanuni hiyo, kwamba achafuaye ndiye alipaye. Lakini tusiseme "mwenye kiwanda" tukanawa mikono. Kama nguo ni rahisi kwa sababu mtu mwingine amelipa sehemu ya bei kwa maji yake na kwa afya ya watoto wake, basi mnunuzi naye amepokea kitu ambacho hakukilipia. Hatusemi mama maskini atendaye kwa kubana shilingi zake ana hatia. Hana njia ya kujua. Twasema kwamba anayejua na anayeweza, awe mfanyabiashara aagizaye majora kwa majora, awe mkuu wa shule anunuaye sare za wanafunzi mia tano, aweza kuuliza swali la pili: maji yaliyotia rangi nguo hizi yalikwenda wapi? Wakiuliza wengi, watajibiwa.

Wala jambo hili si la nchi za mbali tu. Dar es Salaam ina mto Msimbazi, uteremkao kutoka milima ya Pugu hadi Bahari ya Hindi, ukipita kati ya viwanda na nyumba za watu. Na kandokando yake hulimwa mboga zinazoliwa mjini. Wako pia akina mama na vijana wengi watengenezao batiki nyumbani kwa rangi na kostiki soda, nao humwaga beseni la mwisho katika mfereji wa jirani kwa kutojua. Hao hawawezi kununua anodi ya almasi, wala hakuna awatakaye wainunue. Lakini waweza kupima rangi kwa uangalifu isibaki nyingi, kutumia beseni lile lile kwa vitambaa zaidi ya kimoja, na kutomwaga karibu na kisima au bustani. Na wakikusanyika katika ushirika, waweza kuomba halmashauri yao iwajengee mahali pamoja pa kukusanyia maji hayo. Mwenye kiwanda kikubwa hawezi kujificha nyuma ya udogo wao. Wala wao wasijifiche nyuma ya ukubwa wake.

Twalirudia swali letu: je, yatosha uchafu usionekane? Jibu letu ni la. Asafishaye ili asikamatwe huishia pale macho ya mkaguzi yanapoishia. Asafishaye kwa ajili ya jirani huendelea hata baada ya maji kuwa meupe, kwa sababu anamfikiria mtu ambaye hatamwona kamwe, atakayeinama kesho chini ya mto na kuchota kwa mikono miwili. Wataalamu wametupa chombo cha kumaliza kazi. Chombo hicho hakina dhamiri. Swichi yake imo mkononi mwa mtu. Basi, ninyi wenye viwanda, na ninyi mafundi mnaokesha kando ya matangi hayo, msiizime kabla ya wakati wake.